Bibi Paulina na Ndiga za Kwemkole

Baba Paroko, viongozi wa serikali ya kijiji, wazee wetu, mashehe mliotoka msikitini mkaja moja kwa moja chini ya turubai hili, ndugu, jamaa na majirani, nawaamkia wote, kila mmoja kwa heshima yake. Naitwa Ikram Awadhi, mjukuu wa marehemu kwa bintiye Edna, na familia imenipa mimi kazi hii kwa sababu wanawe wamejaribu kusoma tangu asubuhi na kila mmoja ameishia kwenye jina, na pia kwa sababu mjukuu ana ruhusa ya kumtania bibi yake hata siku ya kumzika, na yeye mwenyewe asingependa kuagwa na watu walionuna.

Marehemu Bibi Paulina Laurenti alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika kambi ya mashamba ya mkonge huko Magoma, wilayani Korogwe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Laurenti, aliyekuja kutoka Songea enzi za manamba kukata mkonge na asirudi tena kwao. Alianza shule ya msingi mwaka 1963 hapohapo Magoma, akamaliza darasa la saba mwaka 1969, na mwaka uliofuata akaajiriwa shambani kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, juani pamoja na mama yake, kazi iliyompa mikono migumu ambayo sisi wajukuu tuliiogopa kila alipotuogesha.

Tarehe 25 Agosti 1973 alifunga ndoa takatifu mjini Korogwe na Denis Mhina, dereva wa trekta, Mzigua wa hapa Sindeni, na mwanzoni mwa mwaka 1974 bwana huyo akamleta nyumbani kwa mama yake, Bibi Mwaija, Mwislamu wa swala tano aliyempokea mkwewe Mkristo kwa mikono miwili, ila akasema wazi kwamba msichana wa kambini, aliyelelewa kwa posho ya kila Jumamosi, hajui chakula kinatoka wapi. Ulikuwa mwaka wa njaa, mahindi yalikauka yangali na kimo cha goti, na wanawake wa kijiji wakaingia msitu wa Kwemkole, pale bondeni kwenye kijito, kuchimba ndiga, kile kiazi cha mwituni ambacho wazee wetu walikiita ghala la Mungu, chenye sumu ndani yake, kinachotaka kukatwa vipande na kulazwa siku kadhaa kwenye maji yanayotembea kabla hakijaingia chunguni.

Bibi Paulina, kwa haraka ya kumfurahisha mumewe, alichimba ndiga kubwa kuliko za wote, akaing'oa yote na kichwa chake, ambacho ndicho huchipua upya, akailoweka usiku mmoja ndani ya sufuria kama walivyokuwa wakifanya na mihogo kule kambini, akaipika. Familia imekubaliana nisifiche kilichotokea, maana yeye mwenyewe alikisimulia akicheka hadi machozi, kwamba Babu Denis alilewa bila pombe, akatoka nje akiyumba na kuliamkia beberu la jirani shikamoo, tena mara mbili, kwa kuwa halikuitika. Mungu aliwanusuru, na walipopata nafuu Bibi Mwaija akamwambia mkwewe, "Mwanangu, umetaka kuua mara mbili, sisi tuliokula, na watakaokuja kuchimba kesho, maana shimoni hukuacha kitu." Akamwamuru akaokote kile kichwa cha ndiga kwenye jalala, wakarudi wote wawili Kwemkole wakakifukia palepale kilipotoka, na tangu siku hiyo neno la bibi yule likawa sheria ya nyumba yetu, tumbo chukua, kichwa rudisha.

Katika ndoa hiyo Mungu aliwajalia watoto watatu, ambao ni Shida, aliyezaliwa Desemba 1974 na jina lake linajieleza, Edna, aliyezaliwa mwaka 1977, na Bernardo, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1981 na kupewa nafasi ya kitinda mimba ambayo hakuiachia hata alipoota ndevu. Babu Denis alitangulia mbele za haki mwaka 2003, na Bibi akaendelea kulima mahindi, kutundika mizinga ya nyuki na kuwafundisha wanawake wa hapa kulowesha ndiga, akianza kila somo kwa habari ya lile beberu. Mwaka 2006 alichaguliwa kuingia kamati ya maliasili ya kijiji, akawa mkali kwa wenye mashoka na mpole kwa wenye njaa, na ni yeye aliyekaa na wafugaji wakapatana njia ya ng'ombe kwenda majini bila kukanyaga chanzo chenyewe.

Sasa nafika mahali ambapo Mjomba Bernardo mwenyewe ameniomba nisiruke. Mwaka 2009 uliletwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji ushauri wa kuukata msitu wa Kwemkole, miti iende kwenye mkaa na ardhi igawiwe vijana, na kijana wa kwanza kuunga mkono alikuwa Bernardo, ambaye alikuwa na mke, mtoto mchanga na kipande cha ardhi kisichotosha hata kuku kuparua, na alikuwa akichoma mkaa kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Haikuwa tamaa, ilikuwa haja, na Bibi alilijua hilo, ndiyo maana aliposimama hakumkaripia, alisema tu mbele ya watu wote, "Mwanangu ana haki ya kupata shamba, nami nampa langu, lote, kuanzia leo, ila Kwemkole mniachie, kwa kuwa njaa ya 1974 haikuniaga kwamba haitarudi."

Mkutano ulikataa msitu kukatwa, lakini Mjomba aliona amevuliwa nguo hadharani, akalikataa shamba la mama yake, akahamia Chanika, pale mjini Handeni, na familia yake kutafuta maisha ya bodaboda, na kwa miaka mingi hakukanyaga Sindeni. Kila msimu wa asali Bibi alimpelekea dumu kwa mkono wa yeyote aliyekuwa akienda mjini, na kila mara dumu lilirudi tupu, bila neno, lakini limeoshwa, naye akilipokea alilinusa na kusema, "Huyu bado ni wangu, mtu aliyekukataa haoshi chombo chako." Shamba lenyewe hakulilima kwa faida yake tena, alipanda mbaazi ili udongo usichoke, akalipalilia kila masika kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni, na tulipomwambia anajitesa alitujibu kwamba mali ya mtu haiachwi iote magugu.

Mwaka 2022 vuli haikunyesha, Chanika maji yakawa ya kusaka, vyakula vikapanda, na siku moja Mjomba Bernardo akaonekana anashuka njia ya kijijini na watoto wake. Akakuta kijito cha Kwemkole bado kinatembea, chembamba lakini kinatembea, na watu wa vijiji jirani wamepanga foleni ya madumu huku kamati ikiwagawia kwa zamu. Bibi alimpa jembe, wakaingia msituni mama na mwana, naye Mjomba akachimba ndiga, akakata tumbo, na kabla hajaambiwa neno akakirudisha kichwa shimoni na kukifukia kwa viganja vyake. Bibi Paulina alikaa chini palepale akalia, na jioni ile akampeleka kwenye lile shamba la mbaazi akamwambia, "Lilikuwa linakungoja." Tangu hapo hawakuachana, na asiyeamini aulize ni nani aliyekuwa akimchana nywele.

Afya ya marehemu ilianza kudhoofika Machi 2024, alipogundulika kuwa na shinikizo la damu, na Oktoba mwaka huu alipata kiharusi, akalazwa mjini Handeni na baadaye kuhamishiwa Korogwe, ambako Mjomba alilala sakafuni kando ya kitanda chake. Maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri yalikuwa swali, kama bondeni bado kuna maji, naye akajibiwa kwamba yapo, akafumba macho, na Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, Mungu akamchukua.

Familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi waliomhudumia, Baba Paroko na wanajumuiya, mashehe wetu, majirani mliopika na kuchota maji, ndugu zetu wafugaji mliotoa ng'ombe, na wenzake wa kamati ya maliasili mliochimba kaburi, hatuna cha kuwalipa ila kuwaombea.

Tunajua pia kwamba yapo maneno yanayopita chini kwa chini, kwamba mwenye msitu amekufa na mkutano wa Desemba utaugawa. Mjomba Bernardo, aliyekuwa wa kwanza kutaka ukatwe, amenituma niseme kwamba ameomba kiti cha mama yake kwenye kamati, na siku ya kuondoa matanga tutaingia Kwemkole ukoo mzima, na watoto wenu mkituruhusu, tukawaonyeshe kichwa cha ndiga kinavyofukiwa, maana mwaka wa njaa hauna kalenda.

Bibi yetu, umetulisha, tumekula, tumeshiba, na wengine tulikuwa wakaidi tukachelewa kushukuru. Tumbo tulichukua, leo kichwa tunakirudisha. Tulia kwa amani udongoni mwa Sindeni, na mvua ikija, utatuona.