Vilemba vya Shangazi Orsine

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi katika Kituo cha Mtaa De Brug, hapa Delfshaven, Rotterdam, Bi Orsine Kogeldans anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni. Kesho ni Keti Koti, siku ya kukatika minyororo ya utumwa kule Suriname, na itakuwa mara ya kwanza kwake kuiingia bila ufunguo wa ghala letu. Mwenyewe anacheka. Sisi ndio wenye matumbo joto.

Alianza kama mpishi wa siku mbili kwa wiki. Wakati huo Keti Koti ya mtaani kwetu ilikuwa meza moja, sufuria ya supu ya karanga na redio. Shangazi Orsine, kama tunavyomwita wote hata tuliomzidi umri, akauliza ni sikukuu gani hiyo isiyo na ngoma wala maandamano. Mwaka uliofuata alikuja na wapwa zake na matarumbeta yao, na akina mama wa Kisuriname ndani ya koto, yale magauni mapana ya marinda. Barabara ikafungwa. Kibali cha kuifunga, tulikuja kujua baadaye, hakikuwapo. Polisi wawili waliokuja kututawanya waliondoka na sahani za pom, kile chakula cha Kisuriname cha kuoka, mikononi.

Ila ufalme wake ni vilemba. Kitambaa hutiwa wanga mpaka kikakamae, hukunjwa, hubanwa kwa pini, na kila mkunjo una neno lake, kama kanga inavyosema bila mvaaji kufungua mdomo. Mabibi wa zamani walisemezana hivyo mbele ya waliowatumikisha. Upo mkunjo wa "Waache waseme", upo na wa "Nisubiri kona". Miaka yote alivikunja peke yake ghalani, mlango kaufunga, na ukiomba kufundishwa anakutuma ukamenye vitunguu. Meneja wetu, Bwana Sietse Hoekema, alikosa usingizi. Siku akiondoka, nani atakunja? Bila vilemba akina mama hawatoki, na wasipotoka hakuna maandamano.

Basi miaka mitatu iliyopita, asubuhi ya sikukuu, Sietse, mtu wa Friesland, mpole na nadhifu kupindukia, aliingia ghalani akakuta vilemba vyote vimekunjamana. Akawaonea huruma akina mama. Akachukua pasi.

Jamani! Shangazi alipofika, vilikuwa vimelala mezani bapa kama chapati. Tukangoja radi. Alivitazama, akamtazama Sietse, akakaa chini, akacheka hadi machozi. Kisha akatuita wote: wapishi, wafagizi, hata mchungaji aliyekuja kuomba dua tu.

"Haya, nyie wajuaji, naweni mikono," alisema. "Leo mtakunja."

Tukakunja, na kila kilemba kikasema kilichotaka. Mke wa mchungaji alizunguka mtaa mzima na "Nisubiri kona" kichwani, na wazee watatu wa Kisuriname, kwa adabu kubwa, wakamsubiri. Mchungaji hadi leo hataki kulizungumza.

Tangu siku hiyo mlango wa ghala haukufungwa tena. Kila Jumatano anafundisha: anafumua kazi yako bila huruma, anakwambia una mikono ya mbao, halafu anakupa kipande cha keki ya muhogo. Siku moja Sietse, ambaye sasa, msicheke, ndiye fundi kutuzidi wote, alimuuliza kwa nini alituficha muda wote ule.

"Nilidhani nikiwapa, hamtanihitaji tena," alimjibu, akaendelea kubana pini.

Shangazi, hatukuvishi kilemba cha ukoka. Kilichopo kitini pako leo ni cha wanga, Sietse kakikunja mwenyewe, nasi tumekihakiki mara mbili. Kinasema: Nisubiri kona. Kona unaijua, ile ya duka la mikate. Kesho tutakukuta hapo, na usipokuwepo bendi haipigi wala mtu haondoi mguu.

Asante kwa yote, mama yetu. Ule vilivyopikwa na wengine, ulale mpaka jua likuchoke, uishi maisha mema. Yaanze keshokutwa.