Effie MacAskill na Nyumba za Garadal

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Effie MacAskill, mwandishi wa historia, tuliyemzika Jumatano. Upepo ulikuwa mkali, na wanaume walipokezana jeneza hadi makaburini. Effie aliandika vitabu kuhusu watu wetu: wasichana waliopasua samaki bandarini, wafumaji wa sufu, wakulima walionyang'anywa mashamba. Lakini mimi nitazungumzia kitabu ambacho hakukimaliza.

Kitabu hicho kilihusu Garadal, bonde lililo nyuma ya mlima. Zamani za mababu, watu wake walifukuzwa na mwenye ardhi ili kondoo wake wapate malisho. Wengi walipandishwa meli hadi Kanada. Wachache walihamia pwani yetu, na miongoni mwao walikuwamo wazee wa ukoo wa Effie. Kuta za nyumba zimebaki. Effie alitaka jina la kila nyumba. Zaidi ya yote, alitaka kujua ni kuta zipi zilizokuwa za watu wake.

Mtu mmoja tu aliyajua majina hayo: Torcuil Nicolson, mfugaji wa kondoo. Aliyapokea kwa babu yake, pamoja na sharti. Jina la nyumba halitajwi mpaka anayelitaja asimame kizingitini pake. Kwa hiyo kila kiangazi wawili hao walipanda Garadal, wakaanza na nyumba za juu.

Ishbel, dada yake Effie, aliniambia: "Nilimwambia, we Effie, mkalishe mzee mezani, mpe chai, akutajie zote mmalize! Akanijibu, 'Mzee akisema kizingitini, ni kizingitini. Wewe endelea kufuma soksi zako.'"

Walifika katikati ya bonde. Katika nyumba zote za juu, hakuna iliyokuwa ya watu wa Effie. Kisha miguu ya Torcuil ikaisha nguvu.

Jumapili moja ya Novemba, Torcuil alituma Effie aitwe. Alikwenda pamoja na Ishbel. Walimkuta mzee kitandani, amekonda, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Effie binti Murdo, kaa. Nyumba za chini nitakutajia hapa hapa kitandani. Babu atanisamehe. Haya, toa kalamu."

"Leo Sabato, Torcuil. Si siku ya kazi."

"Unanifundisha Sabato? Nilikuwa mzee wa kanisa kabla wewe hujaota meno!"

"Ndiyo, na ulimkaripia mama kwa kuanika shuka siku kama ya leo."

"Shuka lile lilipepea kama bendera, parokia nzima ikaliona! Kalamu haipepei, mwanangu."

Effie alicheka, lakini hakufungua mkoba. Hakukubali hata kusikiliza tu. Kwake, kusikiliza ndiko kulikokuwa kazi yenyewe.

"Kesho asubuhi nitakuja na kinasa sauti. Utasema mpaka uchoke."

"Kesho ni ya Bwana."

"Na leo vilevile."

Mzee aliomba waimbe zaburi. Aliongoza yeye mstari kwa mstari, nao wakamfuata.

Jumatatu asubuhi Effie alifika na kinasa sauti. Mapazia ya nyumba yalikuwa yamefungwa. Torcuil alikuwa amefariki alfajiri.

Mchapishaji wa Edinburgh alimshauri achukue majina yaliyo kwenye ramani za jeshi. Effie alikataa. Majina yale yalikisiwa na wapimaji wasiojua lugha yetu. Aliwaandikia wajukuu wa Garadal walioko Kanada. Walimjibu kwa upendo. Walimtumia picha za harusi. Jina la nyumba, hata moja, hawakuwa nalo. Mwishowe mchapishaji alifunga biashara, na kitabu kikabaki nusu.

Ishbel anasema alimuuliza Effie kama alijuta. "Akaniambia, 'Nikiijutia Sabato, nitabaki na nini? Na nikisema nilifanya vyema, Garadal iko wapi?' Halafu akaenda kumenya viazi."

Mwezi uliopita, Effie akiwa hoi, tuliomba hapa redioni kwamba yeyote mwenye jina la nyumba ya Garadal atupigie. Simu iliita mara moja tu. Mpigaji alitaka kujua kama feri ingesafiri. Bondeni sasa imepandwa misonobari ya mbao, na mizizi yake inaziangusha kuta.

Kwa Ishbel na jamaa wote, poleni sana. Nanyi wasikilizaji, mwenye mzee aliye hai na akae naye leo. Tafakarini ni nini mnachokiahirisha. Sisemi kwamba mkifanya hivyo Garadal itapona. Haitapona.

Desturi yetu ni kumtangaza marehemu kwa baba yake, kwa babu yake na kwa nyumba walikotoka. Ishbel ameniomba nifanye hivyo. Basi natangaza: Effie, binti Murdo, mwana wa Iain, wa Garadal, katika nyumba za chini. Nyumba yenyewe, hakuna aliye hai anayeijua.