Amana ya Dakika Kumi na Moja

MASTURA: Haloo? Nani hapo? Ni fundi Zabron au nimekosea namba?

ZABRON: Ndiye. Nani mwenzangu?

MASTURA: Mastura, wa stesheneri ya Mabawa. Habari za huko Mwera?

ZABRON: Salama tu, dada Mastura. Nipo shuleni huku nafunga mashine, mtandao wenyewe wa kubahatisha. Ngoja nisogee dirishani... haya, sema.

MASTURA: Sikuweki sana. Umeme umekatika sasa hivi, na hii betri ya UPS inalialia. Nataka nizime kompyuta mpaka urudi. Nikaona nikuulize kwanza, maana ulisema—

ZABRON: Usizime.

MASTURA: Eeh?

ZABRON: Usiguse kitufe chochote. Una kitu cha maana humo?

MASTURA: Kadi za harusi za mteja wangu Ritha, hizo nitaziandika upya. Na ile ya mama.

[Mkwaruzo wa mtandao.]

ZABRON: Ya mama ipi?

MASTURA: Sauti yake, aliyomwachia kaka yangu Sabiri kwenye simu. Niliihamishia humu jana. Imeandika kabisa, imehifadhiwa.

ZABRON: Imehifadhiwa wapi, dada? Diski yako ilikufa, ninayo mimi huku kwenye begi. Hiyo mashine nimeiwasha kwa ile flashi ndogo ya nyuma. Kila unachoweka humo kinakaa kwenye kumbukumbu tu. Umeme ukitoka, nacho kinatoka.

MASTURA: Ulisema nisizime. Hukusema kwamba—

ZABRON: Nilisema. Labda sikusema vizuri. Kwenye simu bado ipo?

MASTURA: Nimeifuta.

ZABRON: Umeifuta.

MASTURA: Si simu yangu hii ya kitochi, ni ya jirani yangu Mwamvua, wanawe wanaichezea kutwa. Nikasema isije ikachezwa uani watu wakasikia. Ni amana, Zabron. Mama alisema aisikie Sabiri peke yake.

ZABRON: Na nakala hukuweka popote.

MASTURA: Neno la mtu mmoja unalitoa nakala? Ukishatoa nakala si amana tena.

ZABRON: Haya, haya, sikulaumu. Flashi unayo?

MASTURA: Ninayo, mpya, nimeinunua asubuhi kwa ajili yake. Leo ni arubaini ya mama, hitima baada ya adhuhuri, na Sabiri yuko njiani kutoka Korogwe. Lakini mbona kuna maandishi yanapita hapa kwenye kioo? Mstari ule ule, tena na tena.

ZABRON: Nisomee.

MASTURA: Kizungu na tarakimu. Kumbukumbu, kumbukumbu... kurasa zimehamishwa.

ZABRON: Ee Mungu. Vile vipande viwili vya kumbukumbu, kimoja kinakufa. Mfumo umekishtukia, unahamisha vitu kutoka kule kwenye kibovu kwenda kwenye kizima, ukurasa mmoja mmoja.

MASTURA: Na ya mama?

ZABRON: Mashine ikibanwa na nafasi inaanza kutupa. Lakini inatupa vile vyenye nakala mahali pengine, inajua itavisoma tena. Kisicho na nakala haikitupi. Inakibeba tu, kutoka huku kwenda huku.

MASTURA: Kwa hiyo inajua kwamba ipo moja tu.

ZABRON: Inajua. Funga hizo kadi za Ritha, ipate nafasi. Umefunga? Chomeka flashi. Buruta ile sauti uiweke humo.

MASTURA: UPS imeanza kulia harakaharaka.

ZABRON: Naisikia. Wewe buruta. Ule mstari wa kunakili ukijaa usi—

MASTURA: Umejaa. Upesi hivyo, Alhamdulillahi. Nimeshachomoa.

[Mlio wa UPS kwa mbali.]

ZABRON: Umechomoa?

MASTURA: Si umejaa? Wateja wangu wote nawachomolea hivyo hivyo, kila siku.

ZABRON: Wateja wako wana karatasi moja moja, dada. Ule mstari unakwambia imepokea, haikwambii imeandika. Inashika kwanza mkononi, inakwambia tayari, halafu ndiyo inaandika taratibu. Rudisha. Fungua uone.

MASTURA: Jina lipo. Imeandika sifuri.

ZABRON: Ile nyingine, ya kwenye mashine, bado ipo?

MASTURA: Ipo. Dakika kumi na moja na sekunde nne.

ZABRON: Basi buruta tena, halafu bonyeza pale pa kuondoa salama. Ukae uangalie kitaa cha flashi. Kikiacha kupepesa ndiyo imeandika. Kabla ya hapo hata nyoka apite miguuni usiguse.

MASTURA: Nimebonyeza. Kinapepesa.

ZABRON: Kiache.

MASTURA: Kinapepesa taratibu mno, jamani.

ZABRON: Inahamisha huku inaandika, na kipande chenyewe kibovu. Ongea na mimi. Alisema nini mama?

MASTURA: Sijui.

ZABRON: Hujui vipi, wewe si ndiye uliyerekodi?

MASTURA: Nilimshikisha simu, nikambonyezea, akatutoa nje mie na Mwamvua. Tukakaa uani na mlango umefungwa. Sikusikia ila kikohozi.

ZABRON: Na baadaye hukusikiliza hata kidogo?

MASTURA: Siku arubaini ninayo, na kila siku mkono unaniwasha. Sikusikiliza. Sabiri hakuja kumzika baba, unalijua hilo. Mama akasema mbele ya watu, huyu hana radhi yangu. Miaka minane hakulitengua. Halafu siku tatu kabla hajafa anaomba simu. Sasa hajui mtu kama alimpa radhi au alimmalizia.

ZABRON: Dakika kumi na moja, dada. Mtu wa kulaani hasemi dakika kumi na moja.

MASTURA: Wewe humjui mama.

[Mlio mmoja mrefu, usiokatika.]

ZABRON: Mastura? Nini hiyo?

MASTURA: Kimezima.

ZABRON: Kitaa?

MASTURA: Kila kitu. Kioo cheusi. Zabron, kimezima chote.

ZABRON: Kitaa kilikuwa kimeacha kupepesa kabla?

MASTURA: Kilikuwa kinapepesa.

[Mkwaruzo.]

MASTURA: Zabron. Labda imeandika nusu. Hata dakika tano tu, zinatosha. Hata dakika moja, ile ya kumtaja jina.

ZABRON: Labda. Ila sauti za simu zile... ufunguo wake unaandikwa mwisho. Mwisho usipofika, hata hiyo nusu haifunguki.

MASTURA: Ukirudi hutaweza kuitafuta? Kwenye hivyo vipande vya kumbukumbu?

ZABRON: Havishiki kitu bila umeme. Nisikudanganye, dada yangu. Haipo.



MASTURA: Amefika.

ZABRON: Nani?

MASTURA: Sabiri. Yuko pale barazani, anavua viatu kana kwamba anaingia msikitini. Kanunua kiredio kipya cha kuchomeka flashi, na spika za masikioni. Bado zimo kwenye boksi lake.

ZABRON: Mwambie alimpa radhi. Mwambie ulisikia.

MASTURA: Nitaapaje?

ZABRON: Usiape. Sema tu.

MASTURA: Na kama hakumpa? Nimsemee maiti, tena siku ya arubaini yake?

ZABRON: Basi mwambie kweli, umeme—

MASTURA: Atasema nimeificha. Atasema ilikuwa mbaya, nikaifuta kwa kumwonea huruma. Mpaka anakufa atasema hivyo, Zabron, na mie sina cha kumjibu.

ZABRON: Dada, simu yangu inaisha chaji. Nisamehe. Ningekwambia vizuri ile juzi, ningekuandikia kwenye karatasi—

MASTURA: Usikate. Bado nimempa mgongo. Ukikata itabidi nigeuke.

ZABRON: Sikati mimi, ni chaji, nitakup—

[Mlio wa simu iliyokatika.]

MASTURA: Haloo? Fundi?

MASTURA: Eeh. Eeh, nakusikia. Endelea tu, fundi, nakusikiliza.