Kopo la Konzi na Pumba Zilizokuwa Chini Yake

Sogeeni karibu na meko, wanangu, na wewe Hluna zima hiyo simu, hutaniuguza kwa kusoma habari za barabara zilizofungwa. Sauti niliyo nayo asubuhi hii ni ya kukopa, na sitaki kuitumia kugombana nawe. Diki, niinue kidogo, niegemeze ukutani. Rozama, acha kuni. Leo ni Jumamosi. Shangazi yenu Khuangi atapita na kikapu chake kama anavyopita kila Jumamosi, na kabla fimbo yake haijagonga ngazi zetu nataka niwe nimeshawaambia jambo ambalo hata baba yenu alizikwa bila kulijua.

Kwanza mali, tumalize upesi, maana si nyingi. Nyumba ni ya Rozama, kwa kuwa yeye ndiye kitinda mimba, tena mwanamume, na ndivyo watu wa milima hii walivyorithishana tangu zamani. Hluna, usimnunie mdogo wako, hukuijenga wewe wala yeye. Shamba la juu la tangawizi ni lako, na bunduki ya baba yako ni yako, ijapokuwa hujawahi kupiga hata kwale. Diki, najua desturi haimpi binti shamba, lakini mteremko wa kijitoni nimeshausemea kwa wazee na mchungaji, na wamekubali, kwa hiyo mtu asije akakutolea maneno hapo. Nimesema wazi. Mnajua mimi sisemi kwa kuzungukazunguka.

Na hicho ndicho kinachoniuma. Kijiji kizima kinasema mama yenu ni mkali kama pilipili lakini hana uongo, na mimi nimeila sifa hiyo miaka kumi na saba kama mtu anayekula nyama ya wizi. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio changu hakiko mbali, basi afadhali niyafichue mwenyewe.

Mwaka mianzi ilipochanua, Hluna ulikuwa unaanza kuota ndevu, Diki ulikuwa na meno mapengo, na Rozama ulikuwa mgongoni. Mama yangu alikuwa amenieleza, maana yeye aliuona mwaka kama huo akiwa msichana: mwanzi ukitoa maua, panya hula mbegu zake wakazaana, na mbegu zikiisha hushuka mashambani. Alinieleza nikamwona mzee anayetisha watoto. Panya wale walikuja kama maji, wanangu. Jioni shamba lilikuwa la dhahabu, asubuhi lilikuwa mabua. Tulichimba viazi mwitu mpaka kucha zikatoka, tukachinja nguruwe, tukala majimbi yanayowasha koo, na baba yenu Lianzuala akaning'iniza kibuyu cha mbegu ya mpunga juu kwenye boriti za paa, mahali ambapo panya hafiki, wala mkono wangu.

Sasa, mnalijua lile kopo la bati pale ukutani. Tangu nilipoolewa, kila nipimapo mchele wa kupika, kabla sufuria haijaenda motoni, nachota konzi moja, ujazo wa kiganja, natia humo, ya Mungu. Asubuhi konzi, jioni konzi. Jumamosi wanawake wa kanisa hupita kukusanya. Hakuna aliyenilazimisha. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ila ni rahisi kuimba hivyo ghala likiwa limejaa.

Katika njaa ile baba yenu aliniambia, "Usiache konzi." Nikamwambia, "Mungu ana meno? Wanao ndio wenye meno!" Akanijibu polepole, kama kawaida yake ya kuniudhi, "Mama Hluna, Mungu hakutuuliza kama tunaelewa. Ametuuliza kama tunamsikia." Nikabamiza mwiko. Na kuanzia siku ile nikawa nachukua pumba za mpunga, zile za kulisha nguruwe ambaye tulishamla, natia koponi mpaka karibu na mdomo, halafu juu yake natandaza konzi moja ya mchele safi. Ukitazama, kopo limejaa. Mimi. Yule mnayesema hana uongo. Nilimpa Mungu chakula cha nguruwe na nikakipamba.

Aliyekuja kukusanya alikuwa wifi yangu Khuangi, dada ya baba yenu. Alilimwaga kopo kikapuni, pumba zikapepea, akaziona, akaniona. Aliniambia tu, "Asante, wifi," akajitwika utepe wa kikapu kwenye paji la uso, akashuka. Wiki tano nilifanya hivyo, na wiki tano alisema asante. Kisha wazee wakaamua mchele wote wa konzi ugawiwe nyumba zisizo na kitu, na nyumba ya kwanza kuandikwa ikawa yetu. Khuangi ndiye aliyeuleta. Akautua mlangoni, akanitazama, akasema, "Pokea, wifi. Huu hauna pumba."

Mlikula mchele ule, mkalala mmeshiba. Mimi nilikula hasira. Tangu hapo sikukaa naye benchi moja kanisani, sikula harusini kwa watoto wake, na kila Jumamosi nimelitoa kopo nje kwenye ngazi, mchele safi kweli, naapa, lakini nje, ili alichukue bila kuuona uso wangu. Mkaniuliza mara ngapi, "Mama, shangazi amekukosea nini?" Nikawajibu, "Mdomo." Alikuwa hajanikosea. Alikuwa amenijua, basi.

Mwezi uliopita, nilipolala hapa, aliingia bila hodi. Akajikalisha kwenye kigoda, akasema, "Wifi, umeninunia miaka kumi na saba kwa ajili ya pumba. Zile pumba nilizipepeta nikampa nguruwe wangu. Kopo lako nililijaza kutoka chungu changu, wiki zote tano, wenzangu wasikucheke. Sasa aliyefaidi hapo ni nani? Nguruwe!" Akacheka yule mwanamke kwa meno yake mawili yaliyobaki. Alikuwa na watoto wanne njaa ile, na alinijazia. Na mimi nikamwambia nini? "Toka." Akatoka.

Nipe maji, Diki. Kidogo tu.

Baba yenu, mvua ziliporudi, alikishusha kibuyu akaenda kupanda, na panya bado walikuwepo. Majirani wakamcheka, "Lianzuala, unawapandia panya?" Akasema, "Nimeambiwa nipande. Kuvuna sikuambiwa." Panya wakaisha kama walivyokuja, hakuna ajuaye walikokwenda, na sisi tukavuna. Lakini msidanganyike kwamba nawaambia Mungu ni duka, unatoa konzi unapewa gunia. Aliyejaza kopo kweli alikuwa Khuangi, na shamba lake liliota vibaya kuliko letu. Nilimuuliza Mungu kwa nini, tena kwa sauti ya juu. Hakunijibu, na siku hizi sina kinyongo. Nimelala kwenye nyumba yenye paa, watoto wangu watatu wako mekoni pamoja, mvua imenyesha kwa wakati wake. Nimeridhika, wanangu. Jambo moja tu limebaki.

Hluna, unasema nyakati hazieleweki, tuuze, tushuke bondeni. Ziliwahi kueleweka lini? Shukeni mkitaka, kuhama si dhambi. Lakini popote mtakapopika, konzi ya kwanza si yenu. Na mianzi itachanua tena, wajukuu wenu watauona mwaka huo. Waambieni wapande tangawizi na manjano ambayo panya hali, wafiche mbegu juu, na wasitie pumba.

Mnasikia? Fimbo. Rozama, mfungulie... usilitoe kopo. Mwache aingie.

Karibu, wifi. Kaa. Usinicheke kwanza. Diki, leta chungu cha mchele, shika mkono wangu, haushiki tena... nikunjie vidole. Hivyo. Tia koponi. Tena. Mnisamehe, wanangu, na wewe wifi... nilikufukuza, na kabla ya hapo nilimdanganya Mungu ukanisitiri... nisamehe.

Njooni niwashike vichwa. Mungu awalinde mtokapo na muingiapo. Awape mioyo ya baba yenu... hasira zangu ziacheni hapa hapa. Mpendane. Meko yasizimike.

Sasa mwaga, Khuangi. Kikapuni. Mwaga mpaka chini... waone.

Umeona? Sema, wifi... sema wasikie.

Mmemsikia, wanangu? Hauna pumba.