Mama Yangu Niliyemwandika Mtumishi

Ndugu zangu mlio hapa sablani, kwenye baraza hili la wanaume, na nyinyi mama zetu na dada zetu mlio nyuma ya pazia, amani iwe juu yenu nyote. Mwenye nyumba ameniomba nizungumze kwa sababu, alivyosema yeye, mimi ni mtu niliyefanikiwa. Nimemkubalia kuzungumza, lakini hayo mafanikio atayatafuta mwenyewe humo ndani. Mimi nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu za kujisifu.

Mwezi uliopita, mnakumbuka, tulibishana hapa hapa baada ya sala ya Alasiri. Swali lilikuwa hili: nchi hii ya Waarabu iliyotawala kule kwetu, ikapeleka watu wake visiwani na pwani mpaka Tabora na Ujiji, je, iendelee kuwafungulia mlango wanaokuja leo na rangi zao na lugha zao? Mmoja wetu alisema mlango ufungwe, tumeshatosha, hawa wanaokuja sasa wanatuharibia jina. Na aliyesema hivyo naye kazaliwa Kigoma. Sikumjibu siku ile. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama jana walilala njaa pamoja. Jibu langu ndilo hili la leo.

Mimi nimezaliwa Tabora. Babu mzaa baba alitoka hapa Ibra akiwa kijana, akaenda bara kwa biashara, asirudi. Baba alizaliwa kule na akazikwa kule. Mama yangu ni Mnyamwezi, Mwislamu, mtu wa kijiji cha nje ya mji, aliyekuwa akiuza asali sokoni. Nilikuja huku mwanzoni mwa miaka ya tisini na begi moja, cheti cha baba, na barua ya babu iliyoliwa na mchwa pembeni. Kiarabu changu kilikuwa cha kusomea Kurani tu. Nikitaka maji ya kunywa naonesha kwa kidole.

Mzee mmoja wa ukoo wetu alinipokea. Utaratibu mnaujua: shekhe wa kabila akushuhudie kwamba wewe ni wao, upate na mashahidi, ndipo ujaze fomu ya uraia. Sasa kwenye fomu palikuwa na nafasi ya jina la mama. Yule mzee akaniambia taratibu kwamba jina la Kiafrika pale litaleta maswali mengi, na maswali huleta miaka. Ndugu zangu, nawaambia, sijui kama sheria ilisema hivyo. Mimi sikuiuliza sheria, niliuuliza woga wangu. Baba alikuwa na mke wa kwanza, binti wa Kiarabu, ambaye alifariki miaka mitatu kabla mimi sijazaliwa. Nikaandika jina lake. Nikaandika na kwamba amefariki, na hilo peke yake ndilo lililokuwa kweli.

Kwa hiyo kwa mujibu wa serikali, mimi nilizaliwa na maiti. Hakuna aliyehesabu miaka. Mnacheka, chekeni tu, mimi mwenyewe nilicheka siku ile nikitoka ofisini na karatasi mkononi.

Nikapata pasi, nikapata kazi ya kutunza stoo ya vipuri vya magari ya serikali, nikaoa. Mke wangu ni mtu wa mji wa Adam, baba yake mfanyabiashara wa mifugo, mzee wa maneno machache. Siku ya posa aliniuliza kama mama yangu yu hai. Nikamjibu kama nilivyojibu fomu. Mzee akamwombea marehemu rehema, nami nikaitikia amina. Na mama yangu wakati ule yuko Tabora, anapepeta mchele wake.

Akaja kuugua miguu. Jirani yake akanipigia simu, akasema mama anatambaa kwenda kisimani. Siku tatu sikula vizuri. Nimlete, lakini kwa karatasi ipi? Kwa jina la mama hawezi kuingia, maana kwenye fomu mama yangu kesha kufa. Wakala mmoja wa kuleta wafanyakazi akanipa njia: mlete kama mtumishi wa nyumbani, wewe uwe kafili wake, mdhamini wake, ni jambo la wiki chache. Nikasaini. Kafili wa mama yangu mzazi nikawa mimi, na kazi yake kwenye maombi ya kadi ya ukaazi ikaandikwa khaddama, mtumishi.

Mke wangu nilimwambia ukweli kabla mama hajafika. Siku ya tatu akaniuliza, "Na mbele ya baba yangu utasemaje?" Nikamwambia tutasema kile kilichoandikwa kwenye kadi. Aliinuka akaenda kutandika kitanda cha mgeni.

Mama akaja na gunia la matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na dumu la asali. Uwanja wa ndege sikumkumbatia, kwa sababu wakala alikuwa pale. Kesho yake akapelekwa kupimwa damu, akasimama mstari mmoja na wasichana kutoka nchi mbalimbali waliokuja kufanya kazi za ndani. Alipotoka akaniambia kwamba wale wasichana ni wadogo mno, mama zao wanalalaje huko walikowaacha. Mimi nikabadilisha mazungumzo, nikamwonesha milima.

Tukaishi. Mke wangu alimpenda, akajifunza Kiswahili kwake, tena Kiswahili cha Tabora hasa. Nyumba yetu ikifungwa mlango, mama ni mama. Mlango ukigongwa tu, mama anainuka kwenye mkeka na kwenda jikoni. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Au niseme kweli, mimi nilimwambia siku moja tu, naye akakumbuka siku zote.

Mkwe wangu alikuwa akija kututembelea kila msimu wa tende. Nyote mnajua adabu ya kahawa ya huku. Mdogo ndiye anayemmiminia mkubwa, au mtumishi anawamiminia wote. Anasimama na dele, birika la kahawa, mkono wa kushoto, anakupa finjani kwa mkono wa kulia, na ataendelea kukumiminia mpaka uitikise finjani, ndipo ajue umetosheka. Basi mama yangu, na miguu yake ile, alisimama na dele. Alimmiminia mkwe wangu. Halafu akanimiminia mimi. Nami niliketi, nikanywa, nikatikisa finjani kumwambia mama yangu kwamba basi, inatosha.

Miaka saba, ndugu zangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na kila hatua nilimkanyaga mtu yule yule.

Binti yangu mkubwa alipofika miaka mitano nilimfundisha kwamba watu wakiuliza, huyu ni khaddama. Nilimwambia ni mchezo wetu. Siku moja mwanamke wa jirani akamuuliza, huyu bibi mzee ni nani kwenu? Mtoto alikuwa amekaa chini anasukwa nywele, kichwa chake kiko mapajani mwa nyanya yake. Akajibu haraka, kama mtoto aliyeshika somo lake, kwamba ni khaddama wetu. Mama hakuwa na Kiarabu kingi, lakini neno lile alilijua. Mikono haikusimama. Aliendelea kusuka mpaka akamaliza. Mimi nilikuwa mlangoni, nikarudi stoo bila kula chakula cha mchana, na nililia kati ya matairi.

Hata hivyo sikusema kitu. Nisiwadanganye kwamba siku ile ndiyo nilibadilika. Nilizoea tena.

Kilichonibadilisha ni kadi. Tulikwenda kuifanyia upya, karani akaangalia tarehe ya kuzaliwa, akasema mfanyakazi huyu umri umepita, haongezewi, arudishwe kwao ndani ya mwezi. Alisema kwa upole, hakuwa mtu mbaya. Hata akanishauri nimlete mwingine kijana mwenye nguvu.

Sasa pima mwenyewe. Nikinyamaza, mama anarudi Tabora kwenye nyumba isiyo na mtu, na miguu ile. Nikisema, nimeidanganya serikali, nimemdanganya shekhe aliyenishuhudia, nimemdanganya mkwe, na pasi yangu na ya wanangu sijui itakuwaje. Nilizunguka na jambo hilo siku kumi na moja. Mke wangu ndiye aliyenikatia shauri. Aliniambia, "Wewe unaogopa kurudishwa. Yeye ndiye anayerudishwa."

Nikaenda sablani kwa shekhe wetu hapa Ibra. Nilimwomba mkwe wangu aje kutoka Adam, naye akaja bila kuuliza sababu. Wazee walikuwepo wengi. Nikasimama, nikasema yote kwa Kiarabu changu cha kuvunjika, na nilipokosa neno nililisema kwa Kiswahili, maana wapo mle waliokielewa wakijifanya hawakielewi.

Mtu mmoja pembeni akasema kwamba watu hawa wa Zanjibar, huku sote tunaitwa hivyo hata wa Tabora, kila siku wanatuletea babu mpya, leo wametuletea na mama mpya. Wengine wakacheka. Akasema nchi hii ni ndogo, haiwezi kubeba kila aliyepitiwa na Mwarabu zamani.

Mkwe wangu alikuwa anatazama chini. Akaniuliza mimi kwanza: aliyekuwa akisimama mbele yake na dele miaka yote ile ndiye mama yangu? Nikasema ndiye. Akavuta pumzi, kisha akamgeukia yule bwana. Maneno yake nawafasiria kama nilivyoyashika.

"Watu wetu walikwenda kwao. Walipofika nani aliwauliza mama zao ni nani? Walipewa maji, wakapewa ardhi, wakapewa wake, na wasivyopewa wakavichukua, hata watu. Leo amekuja mama mmoja mzee, tena kutuhudumia, ndiyo nchi imejaa?"

Hakupaza sauti. Shekhe akasema ataiandikia serikali barua.

Msidhani ikawa rahisi. Ilichukua mwaka na miezi kadhaa, na kwa barua ile ya shekhe mama aliruhusiwa kusubiri hapa. Nilipanda ngazi za ofisi ambazo sasa nazijua kwa idadi ya vidato. Cheo nilichokuwa nasubiri kazini kilipita mbele yangu kikaenda kwa mwingine, na shemeji yangu mmoja mpaka leo hanisalimii. Mahakamani walitaka shahidi kwamba yule ndiye aliyenizaa. Nikampata bibi mmoja anayeishi Sur, ambaye zamani alikuwa mkunga Tabora. Alikuja na gari la kukodi, na presha yake, akamwambia kadhi kwamba mikono hii hii ndiyo iliyomtoa mtoto huyu, na kwamba nilitoka na kilio kikubwa bila sababu. Kadhi akatabasamu, nami nikainamisha kichwa kwa haya.

Kabla ya siku ile ya sablani nilikuwa nimemwendea mama kumwomba radhi. Nilianza kumweleza kadi iliandikwa nini, kwa sababu yeye hasomi. Akanikatiza.

"Mwanangu, mstari ule wa kupimwa damu nilisimama na wasichana wa watu, wote wamekuja kazi. Ulidhani nilidhani wote ni mama zako?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote. Akasema alikuja kuniona mimi na wajukuu, na mlango aliofunguliwa akapitia huo huo. Akasema pia kwamba lililomuuma ni moja tu, kufundishwa kwa mtoto. Hayo mengine aliyasamehe siku ile ile, lakini hilo akaniambia ningoje kwanza. Nilingoja miezi minne.

Kadi mpya ilipotoka, iliyomwandika mama yangu, mkwe wangu alikuja. Mama akasikia mlango, akainuka kwa mazoea, akaenda jikoni, akarudi na dele. Mzee akasimama. Akalichukua dele mkononi mwake, akamwomba kwa ishara aketi mahali pake yeye, juu, karibu na mto wa kuegemea. Akammiminia. Mama akanywa. Akammiminia tena. Mama akanywa, finjani haitikisiki. Ya tatu, ya nne, ya tano. Mke wangu akaanza kunong'ona kwamba labda mama kasahau. Hakusahau. Kamiminia watu miaka saba, atasahau? Mzee naye alielewa, akasimama pale pale na magoti yake mabovu, akaendelea kumimina mpaka mama aliporidhika mwenyewe, akaitikisa.

Basi ndugu yangu wa mwezi uliopita, jibu langu ndilo hilo. Nchi iliyowahi kumiminiwa na watu wengine isiwe na haraka ya kuliweka dele chini. Na sisi tuliokwisha kupewa finjani tusiwe wa kwanza kusema kahawa imekwisha. Nchi sikuitendea haki mimi nilipoidanganya, hilo nalikiri na nimelilipia. Lakini mlango wa kwanza uliofungwa haukuwa wa serikali. Ulikuwa wa nyumbani kwangu, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Namshukuru Mola. Namshukuru mke wangu kwa maneno yake machache, mkwe wangu aliyeko Adam, shekhe na barua yake, na bibi wa Sur, ambaye mpaka leo ananiita mlia ovyo. Mliokuja na mama zenu, waandikeni majina yao. Fomu ikileta maswali, yajibuni, miaka ipite.

Sina zaidi. Kahawa ya mwenye nyumba nasikia iko tayari, nami nimemwomba ruhusa nimimine mimi. Mniwie radhi mlioketi mbele, mtasubiri kidogo. Nabisha hodi nyuma ya pazia kwanza, na sijui nitarudi saa ngapi, kwa sababu finjani ya mama yule siku hizi haitikisiki upesi.