Abee ya Ukumbini

SABAH: Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

BI MWANATATU: Ni mie, Sabah. Mamako.

SABAH: Mama! Shikamoo. Simu ya nani hii?

BI MWANATATU: Marahaba mwanangu. Ya Mwende, jirani. Yangu haishiki chaji. Umeamkaje huko?

SABAH: Salama. Niko hapa ukumbini Nyali, twajitayarisha kwa onyesho la leo. Mama, jana nilikutafuta kila mahali—

BI MWANATATU: Niliwahi feri. Si waijua Likoni usiku, ule msongamano—

SABAH: Feri haikosi usiku, mama.

BI MWANATATU: Haya. Nimekupigia nikutake radhi.

SABAH: Mimi? Radhi ya—

BI MWANATATU: Hebu nimalize, maneno yenyewe nimeyabeba tangu alfajiri. Ulitwambia Kundi la Tausi halichukui mtu hivi hivi, kuna waigizaji wa Nairobi wanaomba miaka na hawapati. Ukachukuliwa wewe, mtoto wa Bofu, huku Likoni. Nami siku ya kwanza kuja kukutazama nimekuaibisha mbele ya watu.

SABAH: Hukuniaibisha.

BI MWANATATU: Ukumbi mzima ulicheka, Sabah! Nilikuwa nimechoka, kiti laini, taa zimezimwa, usingizi ukanichukua. Mara nasikia, "Mwanatatuu! We Mwanatatu!" Wallahi nilidhani niko jikoni kwa Bi Nasreen, enzi zile nikimtumikia, chungu chaungua. Nikasimama wima, "Abee bibi!" Mkoba chini, miwani chini—

SABAH: (anacheka, kisha anajizuia)

BI MWANATATU: Cheka tu. Hata yule bwana kando yangu alicheka mpaka akapaliwa.

[Mtandao unakwaruza.]

SABAH: Mama? Wanisikia?

BI MWANATATU: Nakusikia. Ile sauti ya jukwaani, Sabah. Si yako ile.

SABAH: Ni ya kuigiza. Si nacheza bibi tajiri, basi—

BI MWANATATU: Ni ya Bi Nasreen. Vile alivyokuwa akilivuta hilo "tatu" kama mtu avutaye mbuzi kamba. Uliipata wapi?

SABAH: Nikitoka shule si nilikuwa nakungojea pale jikoni kwake?

BI MWANATATU: Ulikuwa wasoma.

SABAH: Nilikuwa nasikia.

BI MWANATATU: Miaka yote ile nikijiambia, mtoto yuko na vitabu vyake, hasikii. Nilikuwa naona haya, mwanangu, usije ukasikia ninavyoitwa. Kumbe…

SABAH: Mama, jamani—

BI MWANATATU: Na jina je?

SABAH: Luqman, huyu mwelekezi wetu, alitaka mtumishi awe na jina la huku kwetu. Wa pwani ni mimi peke yangu, akaniuliza. Likanitoka.

BI MWANATATU: Kuna kina Mwanahamisi, kuna kina Mwanaisha, likakutoka la aliyekuzaa. Mtoto hamwiti mamake kwa jina, Sabah, hata akiwa na hasira. Wewe umeniita mbele ya watu waliolipa kiingilio.

SABAH: Si wewe niliyekuita. Ni mchezo ule.

BI MWANATATU: Nami niliitika.

[Kwa mbali cherehani ya Mwende yaenda na kusimama.]

SABAH: Naona haya, mama. Tangu jana sijala.

BI MWANATATU: Kwa ajili ya jina?

SABAH: Kwa ajili ya… ndio. Jina.

BI MWANATATU: Basi hilo limekwisha. Na ule mkate wa kumimina niliowapikia wenzako, nilimwachia mlinzi mlango wa nyuma. Aliwapa?

SABAH: Mlango wa nyuma?

BI MWANATATU: Mm.

SABAH: Mama, ulifika mlango wa nyuma? Luqman alikuwa papo hapo akini—

BI MWANATATU: Mkate mliula ama hamkuula?

SABAH: Ulisikia?

BI MWANATATU: Nilisikia watu wakikupongeza. Nikafurahi.

SABAH: Halafu?

BI MWANATATU: Halafu huyo Luqman akakuuliza, "Yule mama aliyeitika ni nani, wamjua?"

SABAH: Mama, nilikuwa—

BI MWANATATU: Ukamwambia, "Simjui. Labda ni wa kufagia ukumbi."

[Mtandao unakwaruza tena.]

SABAH: Nisamehe. Sijui ulimi wangu uliingiwa na nini. Walikuwa wamenizunguka, wananisifu, na Kiingereza chao… Nikaona nikisema ni mamangu, watanijua.

BI MWANATATU: Watakujua nini?

SABAH: (analia) Watanijua tu.

BI MWANATATU: Kufagia si dhambi. Ndiko kulikokusomesha.

SABAH: Na kuna jingine, mama. Usikasirike. Luqman ameipenda ile abee. Ataka kila onyesho mtu akae kati ya watazamaji, aitike vile vile, asimame, aangushe mkoba. Asubuhi hii wanamfundisha msichana mmoja. Yuwaitika kwa mzaha, anakunja na uso, nao wanamwambia, hapo hapo, usibadilishe!

BI MWANATATU: Kwa hivyo nitachekwa kila siku.

SABAH: Nitamkataza. Nitamwambia yule ni mamangu, hili si la kuchekwa.

BI MWANATATU: Utamwambia lini?

SABAH: Leo. Nikipata nafasi tu— (kando) Naam, Luqman? Naja! … Niko kwa simu. … Hapana, ni… ni mtu wa nyumbani tu.

[Cherehani imesimama.]

BI MWANATATU: Haya.

SABAH: Mama—

BI MWANATATU: Si haba. Jana nilikuwa mtu usiyemjua, leo ni mtu wa nyumbani. Twasogea, mwanangu. Inshallah kabla sijazikwa tutafika.

SABAH: Mama, ngoja, usikate—

BI MWANATATU: Mwende ataka simu yake, na salio ndilo hilo laisha. Ule, usikae na njaa. Na hiyo sauti yako uitunze, usije uka—

SABAH: Luqman! Luqman, njoo! Ni mamangu! Yule mama wa jana, yule aliyeitika, ni mamangu mzazi! Mwanatatu ndiye yeye! … Mama, umesikia? Nimemwambia! Mama? Haloo? Umesikia?

[Simu imekatika.]