Yuditha binti Hiza, Dobi wa Nyumba Saba

Mchungaji, wazee, ndugu mliotoka Mpale na Handeni, na ninyi majirani wa Korogwe mliofunga maduka ili mje kusimama nasi, shikamooni wakubwa na poleni wote, nimetumwa na ukoo kuwasomea maisha ya mama yetu Yuditha binti Hiza, aliyefariki tarehe 9 Machi 1913, ambaye tunamzika leo. Najua wapo wanaohesabu miaka kwa vidole na kushangaa, kwa hiyo niseme mapema kwamba jeneza hili ni jepesi kwa sababu ndani yake mna udongo tu, uliochotwa ng'ambo ya mto, mahali ambapo mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa fremu za maduka walikuta mifupa ya watu wengi waliolazwa pamoja, na hakuna aliyeweza kutuambia mfupa upi ni wa nani. Baba yangu mdogo Jonathan, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliniomba niandike kwa kifupi kuwa marehemu alikuwa mama wa nyumbani na aliugua kwa muda mfupi, akaniambia, "Mwanangu, msibani hatuleti mambo ya chuo kikuu," nami namheshimu sana, lakini marehemu hakuwa mama wa nyumbani, alikuwa dobi, na muda huo mfupi ulikuwa siku kumi na mbili.

Marehemu alizaliwa Mpale, mtoto wa tatu wa mzee Hiza, mkulima, na mke wake, ambaye jina lake hakuna aliyejisumbua kuliandika. Tarehe ya kuzaliwa haijulikani, kitabu cha ubatizo kinasema "yapata 1885", kwa mwandiko wa mtu aliyemkadiria kwa kumtazama, kama unavyokadiria umri wa mbuzi mnadani.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1896 hadi 1898, akajua kusoma, kuandika jina lake na kuimba sauti ya pili, lakini alichofundishwa kwa bidii zaidi ni kufua, kutia buluu, kutia wanga na kupiga pasi ya mkaa, maana walimu nao walikuwa na mashati. Tarehe 20 Agosti 1904 alifunga ndoa na Petro Mdoe wa Handeni, mbeba mataruma ya reli, wakahamia Korogwe, na Mungu akawajalia watoto wawili, Elina aliyezaliwa tarehe 14 Juni 1906, ndiye bibi yangu mimi ninayesoma, na Habakuki aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1910. Januari 1911 babu yetu Petro aliondoka na kikosi cha reli kuelekea Moshi, akaahidi kurudi kabla ya mvua za masika, na kwa kuwa hakusema masika ya mwaka gani, ukoo bado haujamhukumu.

Baada ya hapo marehemu aliwalea watoto kwa mikono yake, akifua nguo za nyumba saba za kilimani. Mji wa Korogwe wakati ule ulikuwa miji miwili, wa juu wenye nyumba za bati, baraza, wavu madirishani na kisima, na wa chini, mtaa wa nyasi nyuma ya stesheni, ambako watu sita walilala chumba kimoja na kunywa maji ya mto huohuo waliofulia. Mtu pekee aliyepanda na kushuka kati ya miji hiyo kila Jumamosi, akiwa na tenga kichwani, alikuwa dobi. Ili nguo zisichanganyike alishona uzi kwenye pindo la kila nguo, kila nyumba na rangi yake, na sifa yake kuu ilikuwa kwamba kwa miaka yote hiyo hata soksi moja haikuwahi kulala nyumba isiyo yake. Jirani yake Zamda, muuza vitumbua, alikuwa akimcheka, "Wewe Yuditha, wazungu wote wa kilimani unawajua kwa pindo, siku ya kiama malaika watakuita uwasaidie kuwapanga."

Mwishoni mwa mwaka 1912 habari zilifika kwamba ndui, iliyokuwa ikitembea kutoka bandari hadi bandari, imeshuka Tanga na inapanda treni. Dawa ya kuchanja ililetwa kidogo, na wakubwa wa mji wakatoa utaratibu ambao kwenye karatasi ni mzuri sana, nimeusoma, wachanjwe kwanza wazungu, kisha watumishi wao waliomo kwenye orodha, kisha wafanyakazi wa reli na mashamba wenye kadi, na wengine wasubiri. Ikafungwa kamba chini ya kilima, soko likafungwa, ikawa marufuku mtu wa mtaa wa chini kupita, ila nguo chafu zilipita, zikiachwa kwenye kamba kila Jumamosi kama kawaida, kwa sababu hata tauni ikija mtu bado anataka shati safi.

Jumamosi tarehe 28 Desemba marehemu alifungua tenga la nyumba ya uzi wa kijani, ambako bwana wa nyumba alikuwa amerudi kutoka Tanga na ilisemekana ana homa tu, akakuta mashati ya kulalia yana usaha na vigaga. Alikuwa ameona ndui Mpale akiwa mtoto, hakuhitaji kuuliza. Jumatatu alimfunga Habakuki mgongoni, akamshika Elina mkono, wakaenda kwa akida, mwenyeji aliyewekwa na serikali kusimamia mtaa na orodha, na haya niliyapata kwa bibi Elina mwenyewe, aliyekuwa na miaka sita na nusu na ambaye mpaka anafariki mwaka 1988 hakuwahi kubadilisha hata neno.

"Shikamoo akida," marehemu alisema, "ndui imeshafika, iko kilimani, nimeiona kwenye nguo, naomba watoto wangu wachanjwe."

"Ndui ya kilimani?" akida akacheka mpaka tarabushi ikasogea. "Mama, ndui ni ya nyumba za nyasi. Kule kuna wavu."

"Wavu unazuia mbu, mzee, hauzuii treni."

Akida akaacha kucheka, akafungua daftari la orodha. "Haya, wewe ni wa nani?"

"Mimi dobi, nafulia nyumba saba."

"Sikukuuliza unafua nini. Nimekuuliza wewe ni wa nani, bwana wako nani, uko kwenye orodha ya nani?"

Ndugu zangu, hapo ndipo palipokuwa na mlango, na mlango wenyewe ulikuwa swali hilo. Mpishi alikuwa wa bwana fulani, mbeba mataruma alikuwa wa reli, mkata mkonge alikuwa wa shamba, lakini mtu wa nyumba saba hakuwa wa nyumba yoyote, na asiye wa mtu hakuwa na mkono wa kuchanjwa. Akida alifunga daftari kwa upole kabisa, wala hakuwa mtu mbaya, alisema, "Subirini, ikibaki dawa nitawaita," naye mwenyewe alikuwa ameshachanjwa.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 4 Januari 1913, bibi wa nyumba ya uzi wa kijani alishuka mpaka kwenye kamba akiwa na tenga, akamkuta marehemu na watoto wake wawili, akasema kwa Kiswahili chake kizuri, "Yuditha, najua umeona, na najua umekwenda kwa akida. Kwenye orodha yangu imebaki nafasi moja. Huyu msichana nitamwandika yaya wangu, atachanjwa Jumanne, na wewe utaendelea kufua na utanyamaza."

"Na huyu mdogo, bibi?"

"Ana miaka miwili. Nimwandike anafanya kazi gani?"

"Basi niandike mimi nichanjwe, nimnyonyeshe bila hofu."

"Wewe nikikuandika, wataniuliza nguo zangu zina nini."

Marehemu alisimama pale na tenga lile, na bibi Elina alikuwa akisema kwamba mama yake hakulia, alitazama nyuzi za kijani kama mtu anayezihesabu, kisha akajitwika. Jumanne tarehe 7 Januari Elina alichanjwa mkono wa kushoto, chini ya jina la yaya wa mtoto ambaye hakuwahi kumwona.

Sasa nafika mahali ambapo Baba mdogo Jonathan aliniomba niruke, na siruki. Katika ukoo wetu imesemwa kwa miaka mia, kwa sauti ya chini, kwamba Yuditha ndiye aliyeuleta ugonjwa mtaani. Ni kweli, na ninawaomba msikie aliuletaje. Nguo za nyumba sita alizifua mtoni kama siku zote, lakini za uzi wa kijani hakutaka zigusane na za wenzao, kwa sababu dobi hachanganyi nguo za watu, na kama angezianika pamoja angewaua wenye nyumba sita na watoto wao, kwa hiyo alizipeleka nyumbani kwake, akazichemsha kidogo kidogo kwenye sufuria yake, na zilizosubiri zamu akazitundika kwenye kamba iliyokatiza chumba chake kimoja, na chini ya kamba hiyo ndiko kulikuwa na kitanda cha Habakuki. Hiyo ndiyo sababu kilimani hakuugua mtu wa pili. Wenyewe walisema ni ile kamba ya chini ya kilima.

Habakuki alishikwa na homa tarehe 20 Januari, vipele vikatoka siku ya tatu, naye akafariki tarehe 31 Januari 1913, akiwa na miaka miwili na miezi miwili. Katika majuma mawili ugonjwa ulikuwa umeingia vyumba kumi na vinne, na jioni ya tarehe 9 Februari, iliposikika kwamba kesho yake mtaa utachomwa moto na watu wote, wazima kwa wagonjwa, watapelekwa kambi moja ng'ambo ya mto, marehemu alimkabidhi Elina kwa Zamda ampeleke Handeni kwa ndugu za Petro, akamwambia mwanawe, "Wakikuuliza wewe ni wa nani, usiseme wa Yuditha, wewe onyesha mkono." Walitembea siku mbili. Kwenye kizuizi cha Handeni askari alimwinua Elina mkono wa kushoto, akaona kovu, akamwambia pita, kisha akamwinua Zamda mkono, hakuona kitu, akamgeuza. Zamda akamsukuma mtoto kwa goti na kusema kwa ule ubishi wake, "Nenda, usinitazame mimi, sina uzi." Bibi Elina aliingia Handeni peke yake, na tangu siku hiyo hatujui Zamda aliishia wapi, jina lake halimo kwenye orodha ya waliokufa kambini, nami sijui kama hiyo ni habari njema, au ni kwamba siku hiyo mwandishi hakufika kazini.

Marehemu aliingia kambini akiwa mzima tarehe 10 Februari, akaugua tarehe 25, akafariki tarehe 9 Machi 1913. Orodha ina watu arobaini na watatu, arobaini ni wa mtaa wa chini, watatu wa reli, wa kilimani hakuna, na yeye ni namba ya thelathini na moja, "mwanamke, dobi, hana bwana". Bwana wa uzi wa kijani alipona, akaenda likizo Ulaya, na taarifa yake, ambayo niliisoma kwenye ghala la nyaraka za serikali nikiwa mwanafunzi, inasema ugonjwa ulianzia kwenye vibanda kwa sababu ya uchafu wa wenyeji. Amesema hivyo juu ya mwanamke aliyekuwa akimfulia.

Bibi Elina aliwashonea wajukuu wote uzi kwenye pindo la sare za shule, kila mmoja na rangi yake, na kijani hakuwahi kukigusa. Hakumwambia mtu yeyote neno la lawama, na nilipomuuliza mama yake angefanya nini tofauti, alifikiri sana akasema, "Hakuna," akaendelea kuchambua mchele.

Kwa desturi hapa huwashukuru madaktari, lakini kambini hakufika daktari, kwa hiyo shukrani zetu ziwaendee wachimba msingi walioweka sururu chini walipoona mifupa, wakati tajiri wao akiwaambia waendelee, ziwaendee majirani wa Korogwe kwa chakula, kuni na maturubai, ndugu wa Handeni waliompokea mtoto mwenye kovu bila kumuuliza zaidi, na uzao wa Zamda, popote ulipo, kama upo.

Mwisho, kuna swali aliloulizwa marehemu tarehe 30 Desemba 1912, ambalo hakupata jibu la kumwokoa, nasi ukoo tumekubaliana, Baba mdogo Jonathan akiwa wa kwanza kunyoosha mkono, kwamba lijibiwe leo mbele yenu na liandikwe kwenye jiwe. Yuditha ni wetu. Jibu limechelewa, halimchanji Habakuki, wala hatujui hata kama udongo huu ni wake au wa jirani yake wa namba thelathini na mbili, na kama ni wa jirani, basi naye tunamzika kama wetu.

Tua tenga, mama. Pumzika kwa amani.